UZI: Tanki lina bar 5, nje bar 3.5, ila geji ya katikati ya nozo inasoma chini ya bar 1. Nimekosea wapi wakuu?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Nina siku ya nne sasa nahangaika na majibu ya praktiko moja ya nozo, nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma, naombeni anayeijua hii kitu kwa undani anisaidie maana nataka niielewe kabisa, sio nipate maksi tu nipite.

Nozo yenyewe ni ile inayobana halafu inapanuka. Koo lake lina eneo la sentimita mraba 1, mdomo wa kutokea sentimita mraba 2. Juu kuna tanki la hewa bar 5, joto kelvini 300. Kwenye kutokea kuna valvu, tumeibana mpaka presha ya nje ikatulia bar 3.5 (presha zote hapa nahesabu kuanzia sifuri kabisa, sio zile zinazoanzia presha ya hewa). Ukutani kuna vitundu vidogo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kila kimoja kina geji yake.

Sasa mimi nilijua hivi, hewa imeingia na bar 5 inatoka na bar 3.5, basi huko katikati kila geji itasoma namba iliyopo kati ya hizo mbili. Wapi! Kwenye koo imesoma 2.6. Kitundu cha pili baada ya koo 1.3. Cha tatu 0.85, yaani chini ya hewa hii tunayovuta, wakati nyuma yake kuna tanki la bar 5 na mbele yake kuna bar 3.5!! Kitundu cha nne ikaruka 1.7, cha tano 2.6, cha sita 3.1, halafu ikawa inapanda taratibu mpaka 3.5 mdomoni. Mwenzangu akasema geji imekufa, tukaweka nyingine, ikasoma vilevile.

La pili ndio linaloninyima usingizi. Nimepiga kilo za hewa kwa sekunde pale kwenye koo nikapata 0.117. Nikapiga mdomoni kwa kutumia bar 3.5 na bar 5 ya tanki, nikapata Mach 0.73 (yaani 0.73 ya mwendo wa sauti) na kilo 0.218 kwa sekunde. Hewa imeongezeka karibu mara mbili njiani. Hakuna tundu la kuingiza hewa pale katikati. Nimerudia hesabu mara sita.

#2

Mkuu angalia kama kuna sehemu inavuja, 0.85 maana yake inavuta hewa ya nje hapo, labda mpira wa kitundu cha tatu umepasuka. Na hiyo hewa iliyoongezeka itakuwa ndio hiyo hiyo inayoingilia hapo.

#3

Hapana, kwa kitundu cha sindano huwezi kuingiza gramu 100 kwa sekunde. Na kama pangekuwa panavuja namba ingepanda kuelekea 1, isingeganda kwenye 0.85 hata baada ya kubadilisha geji.

Mwanzisha uzi geji zako ni nzima, na data zako ni nzuri sana, wengi wanaofanya hiyo praktiko hawapati mkunjo uliokaa vizuri hivyo. Ulichokipima ni mshtuko, yaani presha ya gesi kuruka ghafla sehemu moja. Umesimama humo ndani ya nozo kati ya kitundu cha tatu na cha sita. Ngoja nimalize kazi moja nirudi niandike kwa utulivu, maana hii kitu ukielezwa haraka haraka utaishia kukariri.

#4

Nimerudi. Nitaenda pole pole, vumilieni urefu.

Anza na swali ambalo kila mtu huwa analiruka, kwamba kwa nini gesi iongeze mwendo sehemu inayopanuka wakati maji ya bomba yanafanya kinyume chake. Maji hayagandamiziki, ukipanua bomba mara mbili mwendo unashuka nusu, imeisha hiyo. Gesi yenyewe ina kitu cha tatu kinachobadilika, uzito wake kwa kila ujazo. Kilo zinazopita kwa sekunde ni huo uzito mara mwendo mara eneo, na hilo zao lazima liwe lile lile kila sehemu ya nozo. Sasa kanuni ya mwendo inatuambia kwamba ukiongeza mwendo kwa asilimia 1, gesi inakuwa nyepesi kwa asilimia M mraba, M ikiwa ndio namba ya Mach.

Tia namba uone. Kwenye Mach 0.3, mwendo ukipanda asilimia 1 gesi inapungua uzito asilimia 0.09 tu, hiyo ni kama haipo, kwahiyo eneo inabidi lipungue karibu asilimia 0.91. Hapo gesi inafanana na maji. Nenda Mach 2, mwendo ukipanda asilimia 1 gesi inapungua uzito asilimia 4! Mwendo umeongezeka moja, uzito umepotea nne, sasa ili kilo zile zile zipite eneo lazima likue asilimia 3. Gesi inatanuka kwa kasi kuliko inavyokimbia, ndio maana inataka nafasi. Kwa kifupi dA/A = (M² − 1) dV/V, na katikati hapo M ikiwa 1 eneo halipungui wala haliongezeki, na sehemu ya namna hiyo kwenye nozo ni moja tu, koo. Mach 1 haiwezi kukaa sehemu nyingine yoyote ya mtiririko laini.

Gustaf de Laval wa Sweden ndiye aliyeiweka hii kitu kazini mwaka 1888 kwenye tabo (turbini) ya mvuke, alitaka mvuke utoke na mwendo mkali kuliko nozo ya kubana peke yake inavyoweza kutoa, akaongeza kipande cha kupanuka. Tabo zake ndogo zilikuwa zinazunguka mpaka mara 30,000 kwa dakika. Nozo za roketi mpaka leo zinabeba jina lake.

Haya, sasa koo kukabwa. Ukiwa unashusha presha ya nje kidogo kidogo, habari ya huo mshuko inasafiri kurudi juu kwa mwendo wa sauti, tanki linapata taarifa, linaachia hewa zaidi. Siku koo likifika Mach 1, hewa pale inashuka kwa mwendo ule ule ambao habari inajaribu kupanda nao. Ni kama mtu anayeogelea kwenda juu ya mto unaokimbia sawasawa na yeye, atapiga mikono mpaka achoke na yupo pale pale. Kuanzia hapo huko juu hakuna kinachobadilika tena, ufungue valvu ya nje utakavyo, kilo zinabaki zile zile. Koo limekabwa.

Kwa hewa, presha ya kooni likiwa limekabwa ni 0.528 ya tanki. Bar 5 mara 0.528 ni 2.64. Geji yako ilisema ngapi? 2.6. Na hizo kilo 0.117 ulizopata pale ni sahihi kabisa.

#5

Mkuu hapa samahani nakukata. Mimi nimefundishwa kwamba ili koo likabwe presha ya nje lazima iwe chini ya 0.528 ya tanki. Yeye presha yake ya nje ni 3.5 kwa 5, hiyo ni 0.7. Sasa limekabwaje?

#6

Safi sana, afadhali umeuliza, hili kosa nimelibeba mimi mwenyewe miaka.

Hiyo 0.528 ya presha ya nje ni kwa nozo inayobana tu halafu ikaishia hapo, koo lenyewe ndio mdomo. Ukiongeza kipande cha kupanuka, gesi inayotoka kwenye koo bila kuvuka Mach 1 inapunguza mwendo humo na kurudisha presha. Koo linaweza kuwa 0.528 huku mdomo ukiwa juu zaidi. Kwa nozo yenye mdomo mara mbili ya koo, ukiangalia jedwali la mtiririko wa gesi upande wa chini ya mwendo wa sauti (sabsoniki) unakuta Mach 0.306 na presha 0.937 ya tanki. Yaani kwa tanki lake la bar 5, ukishusha presha ya nje mpaka 4.69 tu, koo tayari limekabwa! Tofauti ya bar 0.3 imetosha. Watu wakiliona hili kwa mara ya kwanza huwa hawaamini, ila ndio hivyo, kile kipande cha kupanuka kinaivuta gesi kutoka kooni.

Kwahiyo nozo hii ina namba tatu ambazo ukizijua umeishika yote. Ya kwanza 0.937 tumeshaiona. Jedwali lile lile kwa eneo mara 2 lina jibu la pili, upande wa juu ya mwendo wa sauti (supasoniki), Mach 2.197 na presha 0.094, sawa na bar 0.47. Hiyo ndio presha nozo ilichongwa kwa ajili yake, gesi inatoka imenyooka haina fujo yoyote. Na ya tatu unaipata ukiuliza, je mshtuko ukisimama pale pale mdomoni? Mach 2.197 ikipigwa mshtuko presha inapanda mara 5.47, inakuwa 0.513 ya tanki, bar 2.57.

Sasa presha ya nje ya jamaa yetu ni 0.7. Ipo chini ya 0.937, kwahiyo kurudi sabsoniki laini haiwezekani. Ipo juu ya 0.513, kwahiyo supasoniki haifiki mdomoni. Gesi ikishapita koo inakimbilia supasoniki, presha inaporomoka, haina habari kabisa kwamba mbele kuna bar 3.5 inaisubiri kwa sababu habari haiwezi kupanda kuifuata. Ndio maana kitundu cha tatu kimesoma 0.85. Halafu inafika sehemu inajikuta lazima ilingane na presha ya nje, na njia ya kulingana taratibu haipo. Inaruka. Huo mruko ndio mshtuko, unene wake kwa hewa ya kawaida haufiki hata maikromita moja.

#7 (mwanzisha uzi)

Aisee nimesoma mara tatu. Presha nimeelewa na hiyo 0.85 nimeikubali. Ila bado kilo mkuu. 0.117 kwenye koo na 0.218 mdomoni.

#8

Ndio nilikuwa naelekea huko. Kosa lako ni moja tu na ndilo wanalofanya karibu wote, mdomoni umetumia bar 5 kama presha ya tanki.

Mshtuko haupotezi joto la jumla. Kelvini 300 za tanki zinabaki 300 kabla na baada, ukiisimamisha gesi taratibu. Lakini ile presha ambayo gesi ingefikia kama ungeisimamisha, hiyo mshtuko unaikata na hairudi. Nguvu ipo ila imevurugika, entropi (kipimo cha huo mvurugiko) imepanda. Kwahiyo gesi iliyokwisha kupita mshtuko haitoki tena kwenye tanki la bar 5, ichukulie kama imetoka kwenye tanki lingine lenye presha ndogo, na hilo tanki la pili lina koo lake la kufikirika ambalo ni pana kuliko koo lako halisi. Zao la presha ya tanki na eneo la koo ndilo linalobaki sawa pande zote mbili, maana kilo ni zile zile na joto la jumla ni lile lile. Ukilishika hilo zao hutakiwi kubahatisha mshtuko upo wapi kisha urudie tena na tena kama vitabu vingi vinavyofundisha, unalipata moja kwa moja. Twende nalo.

Presha ya mdomoni mara eneo la mdomo, gawanya kwa presha ya tanki mara eneo la koo. 3.5 mara 2, gawanya kwa 5 mara 1, ni 1.4. Kwa hewa hiyo namba ni sawa na 0.5787 ÷ (M√(1 + 0.2M²)), M ya mdomoni. Ukiifungua ni ikwesheni ya kawaida ya M mraba, unapata M = 0.407. Sio 0.73.

Kwa Mach 0.407 presha ni 0.892 ya tanki lake, kwahiyo tanki la pili lina 3.5 ÷ 0.892 = bar 3.92. Gesi imeingia na 5 imebaki na 3.92, uwiano 0.785. Nenda kwenye jedwali la mshtuko ulionyooka (unaokatisha mkondo wima, sio kwa pembe), tafuta Mach gani inaacha 0.785. Inakuja 1.86. Na Mach 1.86 kwenye nozo yako inapatikana sehemu yenye eneo la sentimita mraba 1.51. Mshtuko wako upo hapo, kama koo lina kipenyo cha milimita 11.3 basi tafuta palipo na milimita 13.9.

Kabla ya mshtuko presha ni bar 0.79, mwendo karibu mita 497 kwa sekunde, na joto kelvini 177, hiyo ni nyuzi 96 chini ya sifuri. Baada yake presha bar 3.07, Mach 0.60, mwendo mita 202, joto kelvini 280. Ndani ya unene usioonekana! Kutoka hapo inapanda taratibu mpaka 3.5 kwa sababu sasa ni sabsoniki na bomba linapanuka. Piga kilo tena mdomoni kwa Mach 0.407 uone.

#9 (mwanzisha uzi)

0.1167. Nimepata 0.1167 wakuu. Siku nne!!

Na kitundu cha sita kilisoma 3.1, wewe umesema 3.07. Sasa nauliza, kama mshtuko haufiki maikromita moja mbona kwangu kupanda kumechukua vitundu vitatu, 1.7, 2.6, 3.1? Kati ya cha tatu na cha sita ni karibu milimita 20.

#10

Naomba nijibu hili, nimefanya kazi na nozo za majaribio. Hesabu ya mshtuko ulionyooka inafikiri gesi inateleza ukutani bila kukwama. Kiukweli kuna tabaka jembamba linaloshika ukuta, humo mwendo unashuka mpaka sifuri, na sehemu ya tabaka iliyo chini ya Mach 1 inaruhusu habari kupanda. Presha kubwa iliyopo baada ya mshtuko inapenya humo kwenda juu, tabaka linavimba, wakati mwingine linabanduka kabisa ukutani, na mshtuko unagawanyika miguu miwili karibu na ukuta kama herufi ya Kigiriki lamda. Mara nyingine unakuwa msururu wa mishtuko kadhaa. Geji zako zipo ukutani, kwahiyo zinasoma huo mwinuko uliotandazwa. Katikati ya mkondo mambo ni makali zaidi. Usiandike kwenye ripoti kwamba ni makosa ya vipimo, andika kwamba ni tabaka la ukutani.

Na tatizo hili kwenye roketi linavunja vyuma. Injini ikiwa ardhini presha ya nje ni kubwa kuliko ile nozo ilichongwa kwayo, presha ya ukutani ikishuka mpaka kama theluthi moja hivi au asilimia 40 ya presha ya nje mkondo unabanduka, na haubanduki sawasawa pande zote, unavuta nozo upande mmoja. Wakati wa kuwasha injini kubwa hiyo nguvu ya ubavuni ni moja ya vitu vinavyoamua unene wa nozo.

#11

Swali dogo, mshtuko hauwezi kusimama kwenye sehemu inayobana kabla ya koo?

#12

Kwa nozo hii hapana, huko juu gesi ni sabsoniki na mshtuko unahitaji gesi inayouingia iwe supasoniki. Kinyume chake nacho hakipo, gesi kuruka kutoka sabsoniki kwenda supasoniki kwa mshtuko, entropi ingepungua. Kwenye milango ya kuingizia hewa ya injini za ndege za supasoniki ambako gesi inaingia tayari ina Mach 2 mshtuko kwenye sehemu inayobana unaweza kutokea ila hautulii, ukisogea kidogo tu unatimkia nje.

#13

Ukiondoa ile valvu ukaachia itoke hewani moja kwa moja inakuwaje? Bar 1 kwa 5 ni 0.2.

#14

0.2 ipo kati ya 0.513 na 0.094, kwahiyo ndani ya nozo yote inakuwa supasoniki safi, mdomoni bar 0.47, ndogo kuliko hewa ya nje. Mshtuko unatoka nje unalala kwa pembe kwenye ukingo wa mdomo, mkondo unaminywa, unapita kiasi, unatanuka, unaminywa tena. Yale maalmasi yanayong'aa nyuma ya injini za ndege za kivita ndio hayo. Ili itoke imenyooka hewani tanki linahitaji karibu bar 10.6. Zaidi ya hapo gesi inatoka bado ina presha na inatanukia nje kama feni. Zingatia kwamba ukipandisha tanki kilo nazo zinapanda kwa uwiano ule ule, kukabwa maana yake sio kilo zimeganda milele, ni kwamba presha ya nje ndio haina sauti tena.

#15

Mwanzisha uzi hewa yenu mliikausha?

#16 (mwanzisha uzi)

Hapana, inatoka kompresa inaingia tankini moja kwa moja. Kwani?

#17

Basi angalia tena hizo 1.3 na 0.85. Gesi yako inafika nyuzi 96 chini ya sifuri kabla ya mshtuko, mvuke wa maji uliomo unaganda ghafla, unatoa joto, na joto likiingizwa kwenye mkondo wa supasoniki linapunguza Mach na kupandisha presha. Mwaka 1935 kwenye mkutano wa wanasayansi ulioitwa Volta kule Roma, Ludwig Prandtl, Mjerumani bingwa wa mitiririko, alionyesha picha ya mkondo kwenye nozo ya supasoniki, kulikuwa na mishtuko miwili inapishana kama herufi X baada ya koo tu, na kwenye mjadala ikajitokeza kwamba chanzo ni unyevu wa hewa. Tangu hapo mahandaki ya upepo ya majaribio ya supasoniki yanakaushiwa hewa yake kwanza.

Kwako athari inaweza kuwa ndogo, kompresa ikishagandamiza maji mengi yanabaki chini ya tanki. Ila kama una nafasi ya kurudia, fungua bomba la chini la tanki umwage maji yote, weka kikaushio, usiguse valvu ya nje, usome tena kitundu cha pili na cha tatu. Kama maji yalikuwa yanahusika hizo namba zitashuka kidogo.

#18 (mwanzisha uzi)

Nimeongea na fundi wa maabara, keshokutwa ananiachia mashine masaa mawili. Nitamwaga maji kwanza. Halafu nitashusha presha ya nje kutoka 4.69 mpaka 2.57 kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua napiga lile zao na kutabiri mshtuko utasimama kwenye kipenyo gani, ndio nasoma geji. Nitaweka jedwali lote humu humu kwenye uzi.